Kisugudi cha Mbwa

Mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alikuwa bawabu wa bohari huko Shimanzi. Mwenziwe wa zamu alikuwa mbwa mkubwa wa jamii ya German Shepherd. Kila alfajiri, kabla ya kurejea nyumbani, mzee aliosha mara saba, moja kwa udongo, kila palipoguswa na mate ya mbwa, kama wafuasi wa Imamu Shafi wafanyavyo.

Mbwa alipotimu miezi minane alianza kuchopea. Msimamizi akanena kuwa ni uvivu, achapwe.

"Bwana, huyu si mvivu, anaumwa," mzee alijibu. Alikwisha kuona jinsi kichwa kilivyoinuka kila mguu wa mbele wa kushoto ulipokanyaga chini, na jinsi mnyama alivyokakamaa baada ya kulala.

Daktari wa mifugo alipiga picha ya eksirei, naye akauona ugonjwa kisugudini. Mifupa mitatu hukutana hapo. Isipokua kwa kulingana, gegedu huharibika na kiungo hupata baridi yabisi. Mbwa wa miili mikubwa aghalabu huirithi kasoro hiyo, na unene huizidisha. Daktari aliagiza dawa ya maumivu, chakula cha kipimo, matembezi mafupi, na mbwa asizalishwe.

Hakupona kabisa, lakini hakuchapwa tena. Mzee aliendelea kuosha mara saba. Unajisi wa mate haukumwondolea mnyama haki ya kuhurumiwa. Ama kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.