Barua ya Chifu

Babangu alipofariki mwaka wa 2021, kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi bandarini ilimwambia mamangu alete cheti cha ndoa ndipo alipwe haki zake. Mama alicheka kwanza, halafu akalia. Miaka ishirini na mitatu, watoto wanne, na hakuna hata siku moja waliyoingia kanisani au kwa msajili. Mahari yenyewe ilikuwa imelipwa nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa mzaha wa kila Krismasi kwao Kaloleni, wajomba wakimuuliza baba mbuzi wamekwama wapi.

Huku Kongowea hilo si jambo la ajabu. Nenda sokoni alfajiri, magunia ya vitunguu yakishushwa kwenye malori, uwaulize kina mama walioolewa ni wangapi wana cheti. Wengi watakwambia, "Tunaishi tu." Na wamezaa, wamezika, wamesomesha.

Tulikwenda kwa chifu, mama, mzee wa mtaa na mimi. Chifu aliuliza maswali mawili matatu, akaandika, akagonga muhuri. Barua ilisema anamfahamu mama kuwa mke wa marehemu. Haikuchukua hata nusu saa. Pesa zilichukua miezi, lakini zilikuja.

Mwaka uliofuata alifariki fundi mmoja wa nguo mtaani kwetu. Sitamtaja jina, wala yule aliyekuwa akiishi naye. Walikuwa mafundi wawili, chumba kimoja, kibanda kimoja, miaka kumi na moja. Watu waliwaita "wale ndugu", na walioelewa walielewa, wakanyamaza. Mmoja alishona suruali na sare za shule, mwenzake alikuwa bingwa wa madera. Yule wa suruali alianza kukohoa, akalazwa, na wiki ya tatu akaenda.

Ndugu zake wa damu walikuja kutoka bara na pikapu. Walichukua maiti, hilo nalielewa. Wakarudi wakachukua kitanda, jiko la gesi, vitambaa vya wateja, kisha wakaanza kufungua cherehani ile kubwa ya umeme. Fundi wa madera akasema hiyo waliinunua pamoja, nusu kwa nusu.

"Kwani wewe ni nani wake?" mmoja akamuuliza.

"Mimi... rafikiye."

Kisha akanigeukia. "Huyu alikuwepo siku tulipoileta. Muulizeni."

Nilikuwepo. Nilisaidia kuishusha kutoka kwenye mkokoteni, na niliwaona wakihesabu pesa, kila mmoja akitoa zake mfukoni. Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Nimejitafutia visingizio vingi. Mwaka wa 2010 nilikuwa darasa la tano. Mwezi wa Februari uvumi ulienea Mtwapa kwamba wanaume wawili watafunga ndoa, umati ukazingira kituo cha afya na watu wakapigwa. Nilisikia wakubwa wakisimulia hadithi ile jioni, wengine wakicheka. Mtoto hujifunza mapema majina gani hayafai kusimama karibu na lake. Lakini Mtwapa si kisingizio cha mtu mzima anayeulizwa habari za cherehani.

Baada ya hapo nilianza kusoma sheria, kama mtu anayetafuta mahali pa kuitupia lawama. Katiba tuliyoipigia kura mwaka wa 2010 inasema, kifungu cha 45, kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari yao wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaongeza kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, ikataja aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ikaruhusu wake wengi, na wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi kwa hasira kwa sababu mume hatalazimika kumuuliza mke wa kwanza. Kwa hivyo anayeniambia serikali inalinda tu ndoa kama ilivyokuwa tangu jadi, naomba aniambie jadi ipi. Kengeleni, hapa hapa, pana kengele ya Frere Town, walikowekwa watumwa walioachiliwa kuanzia miaka ya 1870. Katika pwani hii mtumwa hakuoa bila idhini ya bwana wake. Hiyo nayo ilikuwa sheria.

Na iko kesi moja ambayo kila nikiisimulia watu hudhani naitunga. Mwaka wa 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila ya Wanandi ana haki ya kurithi mali yake. Ni mila ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mke ili nyumba yake isife. Wakamba, watu wa babangu, wanayo pia, huiita iweto. Si mapenzi ya watu wa jinsia moja, na wazee wa huko watakukaripia ukichanganya mambo hayo. Sichanganyi. Ninachosema ni kwamba jaji alitazama nyumba iliyokuwepo, na watu waliokuwa ndani yake, akawapa haki yao.

Kwa kina fundi ni tofauti. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kufuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoweza kumfunga mtu miaka 14. Walalamishi walisema hawaombi ndoa. Majaji wakajibu kwamba kuvifuta kungegongana na kifungu cha 45. Kisha Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaweka masharti ya kuwadhania watu waliokaa pamoja bila cheti kuwa mume na mke. Wawe wameishi pamoja muda mrefu. Wawe walikusudia, kwa hiari. Wawe walijionyesha hivyo kwa watu. Wawe na uwezo wa kisheria wa kuoana.

Niliyasoma masharti hayo nikiwa na mama jikoni. Yeye anayatimiza yote. Fundi, ukiacha kujionyesha, ambako kungemtia hatarini, anakwama kwenye hilo la mwisho.

Nikamwambia mama. Mama ni mtu wa kanisa, hakosi Jumapili. Akaendelea kukuna nazi kitambo. "Mambo yao ni dhambi," akasema. "Lakini cherehani walinunua pamoja. Na wewe wajua."

Siku hizi fundi anakodi mashine barazani kwa mtu, analipa kwa siku. Mama anapeleka leso zake zipindwe kwake, ingawa fundi mwingine yuko mlango wa pili kutoka kwetu. Mwezi uliopita nilimpelekea mimi. Nilitaka kumwambia neno kuhusu siku ile, likanikaa kooni. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nasikia mamako aliandikiwa barua."

Ninayo picha yake kwenye simu. Nikamwonyesha. Aliivuta kwa vidole ikawa kubwa, akasoma polepole, midomo ikicheza, hadi chini kwenye muhuri. Kisha akanirudishia simu, akaitandaza leso kwenye meza.

"Ni mistari minne tu," akasema. "Nilidhani ni ndefu."