Tundu Lililogeuka Ua

Wazee wetu walisema: maji yakimwagika hayazoleki. Kwa maji neno hilo ni kweli kabisa, lakini kwa nguo si kweli siku zote. Nguo iliyotoboka huweza kuzibwa, iliyopungua huongezewa, na iliyochuja hupewa kazi nyingine. Mama zetu walilijua jambo hili, kwa sababu hawakuwa na fedha za kununua kitambaa kipya kila walipopatwa na ajali. Siku hizi wengi wamelisahau. Wanadhani kwamba kazi nzuri ni ile tu isiyoonja shida tangu mwanzo hata mwisho.

Ndiyo sababu, ndugu wasomaji, tumependa kuwasimulia habari za mto mmoja. Si mto wa kulalia, bali ni mto wa kupambia kiti, upana wake sentimeta 40 na urefu wake vilevile. Ni kitu kidogo, lakini ulitufundisha mengi.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa karibu kuolewa na kuhamia Kolwezi. Sisi ndugu zake watatu tunaokaa Lubumbashi tulitaka kumpa zawadi isiyopatikana dukani. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki. Katika vitenge vyake kilibaki kimoja ambacho wote tulikikumbuka: cha buluu, chenye ndege wa manjano, alichokivaa siku za sikukuu. Kilikuwa kimechakaa sana, lakini upande mmoja ulikuwa imara bado. Tukakubaliana kukata hapo uso wa mto, ili mdogo wetu awe na kitu cha mama katika nyumba yake mpya.

Shangazi yetu hakupendezwa. Alituambia: "Wanangu, nguo ya marehemu haikatwi. Hukunjwa na kutunzwa sandukuni. Mkasi ukishapita, mtabaki na nini?" Tulimheshimu, wala hatukubishana naye. Tulimweleza kwa upole kwamba nguo ya sandukuni huliwa na nondo na mende, na kwamba mdogo wetu akiwa Kolwezi hataiona kamwe. Mwishowe alisema: "Haya, fanyeni. Lakini mtajibu wenyewe." Basi, tulianza kazi kwa hofu. Kitenge kile hakikuwa na mwenzake, na kama kingeharibika hatungeweza kununua kingine.

Shida ya kwanza ilitoka kwenye kitambaa chekundu tulichonunua sokoni kwa ajili ya upande wa nyuma. Kabla ya kukikata tulikilowesha majini, kama ipasavyo, kwa maana nguo nyingi za pamba hupungua zikilowa mara ya kwanza. Kilipokauka hakikutosha tena. Tena kilikuwa kimechuja, hata maji yote ya beseni yakawa mekundu. Hasara hiyo ilikuwa na heri ndani yake. Kama kingalishonwa pamoja na kitenge cha mama bila kuloweshwa, rangi ile ingaliwachafua ndege wote siku ya kufuliwa. Siku ileile zipu mpya ya kufungia mto iling'oka meno tulipoijaribu.

Hatukuwa na fedha za kurudi sokoni. Tukafungua kabati, tukatazama tulichokuwa nacho. Palikuwa na shati jeupe la marehemu baba, lililochakaa ukosi tu. Tukalifunga vifungo vyake vyote, tukalitandika mezani, tukakata mraba wa sentimeta 43 kifuani pake, vifungo vikiwa katikati. Sentimeta 3 zilizozidi ni za mshono, moja na nusu kila upande. Hivyo vifungo vya shati vikawa mlango wa mto. Zipu haikuhitajiwa tena. Uso ukawa wa mama na mgongo ukawa wa baba, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiri hapo kwanza.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Jioni ile umeme ulikatika, nasi tukatumia pasi ya makala kunyosha kitenge. Upepo wa mvua ukaingia dirishani ghafula, ukaipuliza pasi, na cheche moja ikaruka na kutua juu ya nguo. Kabla hatujaikung'uta, ilikuwa imetoboa tundu lenye ukubwa wa ukucha, karibu na pembe, pembeni mwa bawa la ndege. Tulinyamaza wote. Kila mmoja aliyakumbuka maneno ya shangazi.

Kesho yake shangazi alikuja, akaliona tundu. Hakutukemea. Alisema tu: "Njoni kwangu, niwaonyeshe jinsi nguo inavyotunzwa." Katika ujana wake aliishi miaka mingi huko Mweka, katika Kasai, nchi ya Wakuba. Alifungua sanduku lake, akatoa nguo moja ndefu ya nyuzi za rafia ambayo alipewa huko, akaikunjua kitandani kwa fahari. Ilikuwa nzuri mno. Lakini sisi, ambao mawazo yetu yote yalikuwa juu ya tundu, tuliona kitu kingine. Nguo ile ilijaa viraka kila mahali, vingine virefu, vingine vimepinda kama mkia wa mjusi. Tukamwuliza: "Shangazi, viraka hivi ni vya nini?"

Akatueleza. Kwa Wakuba wanaume ndio wanaofuma rafia. Nguo ikitoka mtamboni ni ngumu, haivaliki, kwa hiyo huloweshwa na kutwangwa ili ilainike. Katika kutwangwa huko hutoboka hapa na pale, na kila tundu hushonewa kiraka. Wataalamu waliozichunguza nguo hizo husema hivyohivyo: inaelekea kwamba urembo ule wa viraka ulianzia katika kuziba matundu. Baadaye mafundi waliona kwamba kiraka kimoja peke yake huonekana kama kidonda, wakaongeza vingine mahali pasipo na tundu lolote, mpaka nguo yote ikapata mpango wake. Leo nguo za Wakuba hutunzwa katika majumba ya makumbusho, kama lile la Tervuren karibu na Brussels. Mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, Henri Matisse, aliyefariki mwaka 1954, alizikusanya na kuzitundika ukutani. Hata mito ya kupambia viti hushonwa kwa nguo hizo, ikauzwa Ulaya na Marekani.

Shangazi alipofika hapo katika maelezo yake alinyamaza kidogo. Akaitazama nguo yake, akatutazama sisi, kisha akacheka. "Kumbe nimewaleta hapa kunishinda," alisema. "Nipeni sindano."

Akatufundisha kazi yenyewe. Kwanza tulikata kipande kidogo cha kitenge kilekile kutoka sehemu zilizobaki, tukakiweka chini ya tundu, tukakishikiza kwa mishono midogo. Kisha tulikata ua katika shati la baba, tukakunja kingo zake ndani ili zisifumuke, tukalishona juu ya tundu kwa uzi wa manjano wa rangi ya ndege. Tundu likapotea. Lakini ua lile moja katika pembe moja lilionekana kama limepotea njia. Tukashona maua mengine matatu katika pembe nyingine, bila kuyafananisha kabisa. Sasa mtu yeyote angesema kwamba tulikusudia hivyo tangu mwanzo.

Tena ni vema kukumbuka kwamba hata kitenge chenyewe kina habari kama hiyo. Zamani watu wa Java, katika Indonesia, walipamba nguo kwa kuchora na nta iliyoyeyushwa, ili rangi isiingie mahali penye nta. Katika karne ya 19 Waholanzi walitaka kuiga kazi hiyo kwa mashine, na kiwanda cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, ni kimojawapo cha viwanda vilivyofanya hivyo. Lakini utomvu uliotumiwa mashineni ulipasukapasuka, na rangi ikapenya katika nyufa na kuacha mistari myembamba kama mishipa. Wanunuzi wa Java hawakuipenda mistari hiyo, kwao ilikuwa dosari. Katika Afrika ya Magharibi watu waliipenda, kwa kuwa kila kipande kilikuwa tofauti na mwenzake. Leo nyufa hizo hutengenezwa kwa makusudi. 

Shida ya tatu ilikuja usiku wa kuamkia arusi. Tulikuwa tumeshona pande mbili, na mkanda wa cherehani ukakatika. Mafundi wote walikuwa wamekwisha kufunga. Tukashika sindano ya mkono, tukashona pande mbili zilizobaki kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano hutoka mbele hatua moja, kisha hurudi na kuingia palipoishia mshono uliotangulia. Ni kazi ya polepole, lakini mshono huo ni imara sana, hata ukikatika mahali pamoja haufumuki wote.

Pamba ya kujazia nayo haikutosha. Tukachukua vipande vyote vilivyobaki vya kitenge, vya shati, hata vya kile kitambaa chekundu baada ya kukifua mpaka kilipoacha kuchuja. Tukavikata viwe vidogo kama kidole, kwa maana vikubwa hufanya mabonge. Tukaviweka katikati ya mfuko mdogo wa ndani, pamba ikavizunguka pande zote, ili mto uwe mzito kidogo ndani na laini nje. Kilichokataliwa siku ya kwanza kikawa tumbo la mto.

Mdogo wetu alipoupokea hakusema neno kwa muda. Alikitambua kitenge mara moja. Alivipapasa vifungo vya baba kimoja kimoja, kisha maua manne. Aliuliza ni nani aliyefikiri kuyaweka pembeni namna ile. Shangazi alijibu haraka kabla yetu: "Tulishauriana." Wala hatukumwambia ni lipi kati ya hayo manne lililoziba tundu.

Wamama na wasichana mnaojifunza kushona, shikeni mambo haya machache. Lowesheni kila kitambaa kipya kabla ya kukikata. Msitupe vipande, hata vidogo, mpaka kazi imekwisha, kwa kuwa nguo huzibwa vizuri kuliko vyote na nguo ileile. Shati kuukuu likatwe vifungo vyake vikiwa vimefungwa, nalo litawapa foronya bila zipu. Na ajali ikitokea, msifumue yote kwa hasira usiku uleule. Wekeni kazi chini, mwoneshe mtu mzima mwenye kujua, hata kama ndiye aliyewakataza. Huenda katika sanduku lake kuna nguo yenye viraka.