Mgeni Ndiye Anayefungwa Kamba

Tukitaka kusema watu wawili hawaivi chungu kimoja, tunawafananisha na paka na panya. Mbwa hatumtaji sana. Pengine ni kwa sababu kwenye miji yetu ya Usukumani kila mnyama ana sehemu yake: mbwa ana uwanja, paka ana ndani na juu ya magunia, na wakipishana mlangoni kila mmoja anaangalia kwake. Lakini hayo ni maelewano ya wanyama waliokua pamoja. Ukimletea paka mzima watoto wa mbwa wasiojua mpaka, ndipo utakapojua kama nyumba yako ina katiba.

Kwa mama yangu, nje kidogo ya Tinde mkoani Shinyanga, watoto hao waliletwa na kaka yangu. Kaka ana shughuli ya kusaga mawe upande wa Nyarugusu, Geita, na huko mbwa si pambo. Mchimbaji akishatoa mawe yake durani, yanakaa kwenye mifuko yakisubiri zamu ya kusagwa, na mfuko mmoja unaweza kuwa jasho la mwezi mzima. Usiku analala hapo hapo, na mbwa analala mbele yake. Basi mbuzi wawili wa Mama walipoibwa, kaka hakufikiria mara mbili. Alipanda basi na boksi la sabuni lililotobolewa matundu, ndani yake wamo ndugu wawili wa wiki nane hivi. Mmoja alishapewa jina la Karasha, kama ile mashine ya kusagia mawe, kwa kuwa hakuna kilichopita mbele ya meno yake kikabaki salama. Mwenzake ni Duara, kwa sababu ya tumbo lake.

Mwenye nyumba wao alikuwa paka jike wa miaka saba anayeitwa Mwenyekiti. Jina alipewa kwa kupenda kiti cha marehemu baba, lakini kazi yake ni chumba cha mpunga. Mpunga wa Mama ndio chakula, ndio ada za wajukuu, ndio benki. Panya mmoja akitoboa gunia, hasara si kile alichokula, ni kile alichomwaga na kukikojolea. "Huyu ananilipa kodi ya pango," Mama husema.

Mwenyekiti alipowaona wageni alivimba manyoya akawa mara mbili ya ukubwa wake, akapanda mwembe, kutoka mwembe akaingia juu ya mabati. Siku ya kwanza tulicheka. Usiku wa pili alihamia paa la jirani na kulia mpaka alfajiri, na asubuhi jirani alipouliza "Yule paka ni wa kwako, mama?", mimi niliyekuwa hapo likizo niliona uso wa Mama ukibadilika.

Asiyeijua Shinyanga atashangaa kwa nini. Mama ana umri wa zaidi ya miaka sabini, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu. Macho mekundu kwetu yana historia ndefu. Miti ilikatwa kwa miongo mingi, mingine kufukuza mbung'o, mingine kupisha pamba na mifugo, kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI kuirudisha, na ngitili za wazee zikafufuliwa. Kuni zilipokuwa adimu, wanawake walipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Moshi wa miaka arobaini haumuachi mtu na macho meupe. Na kwa macho hayo hayo, bibi wengi wa Usukumani walishutumiwa uchawi, na wengine waliuawa kwa mapanga. Nimeandika habari hizo gazetini. Kwa hiyo paka anayelia usiku juu ya paa la mtu, ambaye mwenyewe ni bibi mwenye macho mekundu, si jambo la kuchekea. Hakuna aliyesema kitu. Ndiyo kwanza, hatukutaka kusubiri mtu aseme.

Kaka kwa simu alitoa ushauri wa machimboni: waacheni, watazoeana wenyewe. Mjomba alipendekeza nimkamate paka, nimshike mikononi, nimsogeze puani kwa mbwa "asalimie". Ushauri wote huo unamtaka paka ndiye abadilike. Mama alikataa. "Mgeni ndiye anayefungwa kamba," alisema. "Mwenyeji hafungwi."

Baadaye niliposoma nilikuta sayansi iko upande wake. Mtoto wa mbwa ana dirisha la kujifunza kuishi na viumbe wengine, kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi, mambo ambayo John Paul Scott na John Fuller waliyaeleza kwenye kitabu chao cha mwaka 1965 baada ya miaka mingi ya kuwachunguza mbwa kule Marekani. Dirisha la paka linaanza mapema zaidi na kufungwa mapema zaidi, karibu wiki ya saba. Karasha na Duara walikuwa bado shuleni. Mwenyekiti alishafunga madaftari miaka saba iliyopita. Ukimlazimisha, hatajifunza urafiki, atajifunza kuhama.

Tukaanza hivi. Watoto wa mbwa waliwekwa kwenye banda la kuku lililokuwa tupu, wanatoka kwa zamu. Bakuli la paka tulilihamisha kutoka sakafuni jikoni na kuliweka juu ya magunia ya mpunga, mahali ambapo mbwa hafiki hata akikua. Dirisha la chumba hicho liliachwa nusu wazi ili awe na njia ya kuingia na kutoka bila kukanyaga uwanja. Paka anayejua pa kutokea hana haja ya kukimbia, na paka asiyekimbia hafukuzwi. Mbwa mdogo hana chuki na paka, anachopenda ni kitu kinachokimbia.

Kisha harufu. Nilichana khanga kuukuu vipande viwili, kimoja kikalaliwa na mbwa, kingine nikakitandika kwenye kiti cha Mwenyekiti. Baada ya siku mbili nikavibadilisha. Alikinusa kile cha mbwa, akakivuta kwa kucha mpaka kikaanguka chini. Siku ya nne alikinusa akakikalia. Mama alisema, "Ameshasoma barua."

Sehemu ngumu ilikuwa kukutana kwa macho. Jioni, baada ya mbwa kula na kuchoka, nilimfunga mmoja kamba laini na kukaa naye mlangoni, paka akiwa juu ya magunia. Kila Karasha alipomtazama paka kisha akanigeukia mimi, alipata dagaa mmoja. Aliporuka na kubweka, hakupigwa, alirudishwa bandani. Dakika tano, basi. Ukimpiga mbwa kila amuonapo paka, unamfundisha kwamba paka ni mkosi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugomvi wao mwingi ni wa lugha. Mbwa akitikisa mkia mara nyingi ana furaha. Paka akitikisa wake, anakuonya. Mbwa akitaka kucheza huinamisha kifua chini na kuinua makalio, kisha huruka. Paka anaona mtu anayejiandaa kumshambulia. Duara alialika mchezo kwa wiki nzima, na kila alipoalika alijibiwa kwa mfoko. Siku moja alisogea mno, akazabwa kofi la pua. Halikumtoa damu, lakini alilia kama ameungua. Mama alinizuia nisiingilie. Tangu hapo Duara akimfikia Mwenyekiti anageuza uso pembeni na kupita kwa kuzunguka, adabu ambayo sikuwahi kufanikiwa kumfundisha kwa dagaa.

Kazi ya ripoti imenipeleka mara nyingi kwenye machimbo ya Geita wakati wa rashi, dhahabu inapoonekana mahali na watu wakamiminika. Shamba la mihogo linageuka kijiji cha maturubai ndani ya siku chache, na mwenye shamba anaambiwa azoee. Nimezoea kusikia kauli hiyo kiasi kwamba niliiona ya kawaida. Kwa Mama, kwa ajili ya paka tu, niliona utaratibu mwingine: anayekuja anangoja, anajifunza milango, na yule aliyekuwepo anabakiziwa sehemu yake ya juu. Sisemi kwamba watu ni paka. Nasema kwamba inawezekana, na haikutuchukua hata miezi miwili.

Jambo jingine ambalo halikuhitaji falsafa ni chanjo. Watoto wa mbwa walipotimiza miezi mitatu tulimwita mtaalamu wa mifugo wa kata awachanje dhidi ya kichaa cha mbwa. Mama akamwambia amchanje na paka. Aliguna kwanza, lakini Mama alikuwa sahihi: jina la ugonjwa linamtaja mbwa, na kweli karibu watu wote wanaoupata wameumwa na mbwa, lakini paka naye huupata na kuusambaza. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwenye nyumba ambamo kucha na meno bado vinazoeana, hilo lilikuwa la kufanya kabla ya mengine yote kutulia.

Mwenyekiti si rafiki wa mtu hadi leo. Hajawahi kulala na mbwa kama kwenye zile picha za mtandaoni, na sidhani kama atalala. Lakini usiku yuko chumba cha mpunga, si juu ya bati la jirani, na mbwa wawili wanalala nje ya mlango huo huo. Juzi kaka alipiga simu kuuliza kama mbwa wameshaanza kulinda. Mama akamjibu kwamba Duara anabweka vizuri, Karasha amekula kiatu cha pili, na paka hajambo. Kaka akacheka: "Mimi nimeuliza mbwa, wewe unanijibu paka."

"Ndiyo," Mama akasema. "Kwa sababu mbwa ulileta wewe."