Gitaa la Jirani

Mtu akiingia nyumbani kwangu huliona gitaa langu kabla hajaketi, maana limetundikwa ukutani kuelekea mlango. Ni gitaa la umeme lililotengenezwa Japani katika miaka ya 1960, wala si la bei kubwa. Rangi yake ni nyekundu inayogeuka nyeusi pembeni. Lina swichi nne nyeupe zilizopangwa mstari mmoja, na mahali palipokuwa na jina la kiwanda pamebaki matundu mawili matupu. Mhariri ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani, niandike neno kwa gazeti letu. Nimeona afadhali niungame kosa nililolitenda shuleni kwa ajili ya gitaa hili.

Kwanza nieleze asili yake. Baada ya vita kuu iliyokwisha mwaka 1945, Wajapani walianza upya kazi za viwanda, na mwaka 1946 kampuni ya Teisco ikaanzishwa mjini Tokyo. Ilipofika miaka ya 1960, vijana wengi wa Marekani na Ulaya walitamani gitaa la umeme, lakini magitaa yenye sifa yalikuwa ghali. Basi viwanda vya Japani vikatengeneza ya bei nafuu, yakauzwa ng'ambo kwa majina mengi, mara nyingine jina la duka lililoyaagiza. Teisco yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Kawai mwaka 1967. Gitaa langu ni mtoto wa siku hizo, ila hana cheti cha kuzaliwa.

Mjomba wangu alikuwa mtumishi wa reli ya Afrika Mashariki, akisafiri na gari moshi baina ya Kampala na Mombasa. Mwaka 1968 alilinunua kwa baharia mmoja bandarini, akalileta nyumbani Jinja limefungwa katika blanketi. Alilipiga miaka mingi. Nami nilipoingia kidato cha tatu, mwaka 1988, aliniita akanikabidhi.

"Mwanangu," alisema, "vidole vyangu vimechoka. Tangu leo hili ni lako."

Nilishukuru kwa mdomo, moyoni sikufurahi. Nyuzi zilikuwa zimeinuka juu ya shingo hata kuzibonyeza kuliniumiza vidole. Likiunganishwa na amplifaya ya shule lilivuma kama mzinga wa nyuki. Wenzangu wa bendi walizicheka zile swichi, wakauliza kama ni gitaa au ni dashibodi ya basi. Mmoja akasema, "Hili ni la nani?" Nami nikajibu upesi, "Si langu. Ni la jirani yetu, ameniomba nimtunzie."

Uongo ule ulinikaa vizuri kama shati jipya. Kila nilipokosea wimbo, nilisema ni kosa la gitaa la jirani.

Ikaja Siku ya Wazazi. Juma lile uzi mmoja ulikuwa umekatika, nami nikafunga mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Tulipopiga mbele ya wageni, uzi ule haukutoa sauti hata kidogo, na wimbo ukawa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Baadaye nilimwona Mjomba amesimama karibu na jukwaa katika koti lake la reli. Mwenzetu mmoja, ambaye hakumjua, alikuwa akimweleza kwa adabu, "Samahani, Mzee. Gitaa hili ni bovu, tena si la mwenzetu. Ni la jirani yao."

Mjomba alinitazama. Sikuweza kumwamkia.

"Mwambie jirani yako," aliniambia polepole, "gitaa lake nimelisikia." Akachukua kofia yake akaenda zake.

Wasomaji, nimewahi kupigwa viboko shuleni, na maumivu yake nimeyasahau. Maneno yale sijayasahau.

Shule ilipofungwa, nilichelewa siku tatu kabla ya kuthubutu kwenda kwake. Nilibisha hodi, nikiwa na gitaa mkononi. "Shikamoo, Mjomba." Akaitikia, kisha akauliza, "Jirani hajambo?" Nikalia. Aliniacha mpaka nikanyamaza, ndipo akaleta bisibisi.

Alasiri ile alinifundisha mambo matatu. La kwanza, alilegeza skrubu za shingo, akatia kipande cha tiketi ya zamani ya reli, ile ya karatasi ngumu, ndani kabisa ya mahali shingo inapoingia mwilini. Shingo ikalala nyuma kidogo, na nyuzi zikashuka. La pili, alifungua kifuniko akanionyesha waya uliokatika, ule wa kuunganisha kidaraja cha chuma na upande wa ardhi. Tulipoutia risasi kwa chuma cha moto, mvumo ulipungua sana. La tatu, alinieleza kwamba chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mno. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule, nao ndio amplifaya huukuza. Nailoni haiisumbui sumaku. Akachambua waya wa breki ya baiskeli, akafunga uzi mmoja wake, na gitaa likaitika.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema, "lakini jembe lililolegea hutiwa kabari. Ulikuwa na haki ya kusema ni bovu. Hukuwa na haki ya kusema si lako."

Mjomba alifariki mwaka 1997. Baadaye nilisoma habari za Hound Dog Taylor, mpiga gitaa wa Chicago aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 1975. Alisifika kwa kupiga magitaa rahisi ya Kijapani, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971. Nilitamani sana kumwambia Mjomba habari hizo.

Siku hizi magitaa haya yanatafutwa. Mwaka juzi mgeni mmoja alitaka kununua langu kwa fedha nyingi, ili azing'oe sumaku zake azitie katika gitaa jingine. Nilikataa. Bado lina kasoro zake: ukipanda juu ya shingo sauti hupotoka, na mvumo haujaisha kabisa. Ile tiketi ya reli ingali mahali pake.

Enyi ndugu zangu mlioko madarasani, huenda nanyi mmepewa kitu ambacho wenzenu wanakicheka. Kitengenezeni kadiri mwezavyo. Nami hapa naweka kalamu chini. Mgeni akiniuliza gitaa lile ukutani ni la nani, humjibu kwa sauti: ni langu, nilipewa na mjomba wangu.