Ya Moyo au ya Tumbo

Likizo ndefu iliyopita binti yangu alikuja nyumbani Mbangala na swali lililonikosesha usingizi usiku mzima. Anasoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alikuwa anajiandaa kuingia mwaka wa pili. Kozi zake za lazima zimekwisha kupangwa na wenyewe: miamba, madini, ramani na nyinginezo ambazo hata majina yake siyawezi. Lakini ilikuwa imebaki nafasi moja ya kozi ya hiari, ambayo anaruhusiwa kuichukua nje ya fani yake.

“Baba,” aliniuliza, “nichague ya moyo au ya tumbo?”

Nikamwambia kwamba nitafikiri. Ndugu msomaji, mzazi anaposema kwamba atafikiri, aghalabu ana maana kwamba hana jibu.

Kwa wasiotufahamu, Mbangala ni kata iliyoko katika Wilaya ya Songwe. Zamani tulihesabiwa Chunya, mkoani Mbeya, hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Ni nchi ya dhahabu. Mtoto hukua akisikia karasha likisaga mawe, na anajua karai na zebaki kabla hajajua herufi. Akishindwa shule, huingia duarani. Akifaulu, hutakiwa arudi na kitu kizito kuliko dhahabu. Neno “kuchagua” halina kazi kubwa hapo.

Mimi nilifaulu. Mwaka 1993 nilipanda treni ya TAZARA pale Mbeya, safari ya kilometa zipatazo 850, nikiwa na sanduku la bati na viatu vya kuazima, kwenda Mlimani kusomea uchumi na takwimu. Wakati ule serikali ilikuwa inapunguza watumishi wake, na habari za kuchangia gharama za elimu ya juu zilikuwa zimekwisha kuanza mwaka mmoja kabla. Kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 1991 ilikuwa imefungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi. Mzee wangu, ambaye alikuwa amechimba maisha yake yote bila kuona kokoto moja ya kumtajirisha, alikuwa ameisikia habari ya mabenki redioni. Akaamua kwamba mimi nitakuwa mtu wa benki. Sikuulizwa, na sikuona ajabu kutoulizwa.

Chuoni nilikuta lugha mpya. Posho iliitwa bumu. Maandishi ya kuazimana kwa ajili ya mtihani yaliitwa madesa. Kurudia mtihani ni sapu, na kufukuzwa kwa kushindwa masomo ni kudisko. Ukiyatazama maneno hayo utaona kwamba matatu kati ya manne yanahusu hofu ya mtihani. Basi ilipofika zamu ya kuchagua kozi ya hiari, hofu hiyo ndiyo iliyochagua kwa niaba ya wengi wetu. Wanafunzi waliotutangulia walikuwa na orodha isiyoandikwa: kozi hii ni ya mteremko, ile ina mwalimu mkali, hii madesa yake hayabadiliki. Nikashauriwa nichukue ya mteremko.

Nisieleweke vibaya. Kusoma nje ya fani halikuwa jambo geni Mlimani. Chuo kile kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikifundisha sheria peke yake. Lakini baadaye wakubwa waliona kwamba mwanasheria au mhandisi asiyejua nchi yake inavyoishi ni hasara. Wakabishana sana, na hatimaye mwaka 1973 ikawapo Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na kila mwanafunzi akalazimika kulisoma somo hilo, awe wa mimea au wa mitambo. Nililisoma mimi pia, na nilijifunza mengi. Ila mtu anapolazimishwa kutoka nyumbani kwake, hata akipelekwa mahali pazuri, hajatembea, amepelekwa.

Mimi nilitaka kutembea. Jioni moja nilipita karibu na idara ya sanaa, ile iliyokuzwa na akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, nikasikia watu wawili wanapiga marimba. Walikosea, wakacheka, wakaanza upya. Nilisimama pale mpaka chakula cha jioni kikanipita. Kilichonishika ni kile kicheko. Katika chumba cha takwimu sikuwahi kumwona mtu akikosea halafu akacheka.

Nikajaza fomu ya kozi ya muziki. Mwalimu wa fani yangu aliyetakiwa kutia sahihi aliitazama fomu, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimekosea mstari. Nikasema hapana. Akatia sahihi polepole, kama mtu anayeandika wosia wa mwenzake.

Naam, nilifurahi. Sitaki kulizungusha jambo hilo. Mara mbili kwa wiki nilikaa na ngoma katikati ya magoti, mtu mzima, huku wenzangu wakimeza kanuni za mahitaji na ugavi. Nilikuwa wa mwisho darasani kwa kusoma nota, na haikuniuma. Tangu darasa la kwanza nilikuwa sijawahi kuwa wa mwisho bila kuchapwa.

Kisha tukapewa kazi ya nyumbani. Kila mmoja wetu alete wimbo mmoja wa kwao, wimbo wa kazi, aeleze unaimbwa na nani, wakati gani, na mapigo yake yanakwendaje. Nilikaa na karatasi nyeupe. Nilikuwa nimekulia kati ya Wabungu na Wakimbu, baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, ngoma zikilia mavuno yote. Lakini wimbo mmoja wa kuueleza tangu mwanzo hadi mwisho sikuwa nao. Nilikuwa nimesikia yote na sijasikiliza hata mmoja.

Likizo fupi ilipofika nikaenda nyumbani. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hai bado, macho yamekwisha pungua. Nikamwamkia, nikakaa, nikatoa daftari. “Bibi,” nikamwambia, “nimetumwa na walimu wangu wa Dar es Salaam nikuulize habari za nyimbo.” Alidhani ninamtania. Alipoona kalamu, aliomba kwanza abadilishe khanga.

Aliniimbia siku sita. Aliimba nyimbo za kusaga ulezi juu ya jiwe, nyimbo za kubembeleza, na wimbo mmoja ambao wanawake waliokuwa wakiuza pombe na uji Saza, katika mgodi wa Mwingereza, waliuimba miaka ya 1940 kuwacheka wanaume waliokuja na karai wakaondoka na vidonda. Kumbe bibi alikuwa mmoja wao! Miaka yote ile tulimjua kama mama wa shamba, na hakuna aliyemfahamu kama mwanamke kijana aliyetembea kwa miguu kwenda kuuza uji kwa wachimbaji na kurudi na hela yake kifuani. Hakuwa ameficha. Hapakuwa na mtu aliyeuliza.

Nilijaribu kuyaandika mapigo yake kama tulivyofundishwa. Katika wimbo wa kusaga, mkono wenye jiwe ulikwenda mbili, na sauti ikaenda tatu, zikakutana mwanzoni na kuachana tena. Mbili kwa tatu. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima na watu wa takwimu, na sikuwahi kuona uwiano mzuri kama ule. Nilipomweleza bibi hivyo, alisema kwamba ukisaga kwa namna nyingine unga unakuwa na mchanga.

Mvua zikazidi. Barabara yetu ya kwenda Mbalizi hupita Galula, penye Mto Songwe, na masika ya mwaka ule malori yalikwama siku nane. Nikafika chuoni nimechelewa, jaribio la takwimu limenipita, na maelezo yangu kuhusu mto hayakusaidia. Mwisho wa mwaka nilipata B ya muziki na sapu ya takwimu.

Hapa ndipo wengi wanaosifia kozi za kujifurahisha hunyamaza, nami sitanyamaza. Ile sapu iliniweka ukingoni mwa kudisko. Ilibidi nirudi Dar es Salaam kabla ya wakati, na nauli haikuwapo. Mzee aliuza magunia matatu ya mpunga, chakula cha nyumba yenye watu tisa, ili nikarudie mtihani mmoja. Asubuhi ya safari alinisindikiza hadi kwenye lori, akasema neno moja tu.

“Tulikupeleka ukajifunze hesabu, wewe umekwenda kucheza ngoma. Ngoma si ipo hapa bure?”

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa miaka zaidi ya thelathini. Alikuwa na haki. Ngoma ilikuwepo pale bure. Na kwa sababu ilikuwepo bure, nilihitaji kwenda kilometa 850 nikaandikishwe, nipewe namba ya kozi na tarehe ya kukabidhi kazi, ndipo nikae chini na kumwuliza bibi yangu alikuwa nani. Sapu niliifaulu. Bibi alifariki mwaka uliofuata, kabla sijamaliza. Daftari ninalo.

Benki sikuingia. Nilipata kazi Tunduma, kwa wakala wa kutoa mizigo forodhani, nikihesabu malori yaendayo Zambia na Kongo hadi nilipochoka na kurudi kulima. Muziki haukunisaidia katika kazi hiyo hata siku moja. Nasema hivi kwa makusudi, kwa maana kuna mfano unaopendwa sana siku hizi, wa yule Mmarekani, Steve Jobs, aliyehudhuria darasa la maandishi ya mapambo katika Chuo cha Reed bila sababu yoyote, na miaka kumi baadaye maandishi yale yakaingia katika kompyuta zake za Macintosh. Alisimulia mwenyewe kwa wahitimu wa Stanford mwaka 2005. Ni hadithi nzuri, ila huwa inanikera kidogo. Ni kama kusema furaha ile ilisamehewa kwa kuwa mwishowe ilileta fedha. Je, kama isingeleta?

Hayo yote niliyapitia usiku ule, nimelala chali nikisikiliza karasha la jirani. Kulipokucha nilikuwa nimeamua. Tangu darasa la tatu binti yangu amechora kwenye pembe za madaftari: mbuzi, vikongwe, mitambo. Nilikuwa nimesikia kwamba katika orodha yake kulikuwa na uchoraji na kulikuwa na Kichina, kwa kuwa chuo kile kina Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013. Sikuhitaji kuambiwa ipi ni ya tumbo. Hapa Songwe nani asiyejua kwamba anayezungumza na Wachina hakosi kazi? Nikamwita chini ya mwembe. Nikaleta hata lile daftari.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Nikamhutubia. Nikamsimulia habari za bibi yake mkuu, za mto, za magunia matatu. Nikamwambia achague uchoraji, asiogope, baba yake yuko nyuma yake. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Baba,” akasema taratibu, “lakini uchoraji ndio wa tumbo.”

Sikumwelewa.

“Kuchora najua tayari. Nitapata A bila jasho, na mtu wa miamba anahitaji kuchora anapokwenda porini. Kila mtu ananishauri nichukue. Kichina ndicho cha moyo. Watu wanadhani nataka kazi kwenye kampuni. Mimi napenda tu yale maandishi yao. Waliotangulia wanasema kozi hiyo haina huruma, naweza kupata sapu. Ndiyo maana nilikuuliza.”

Usiku mzima nilikuwa nimemchagulia furaha yangu mimi, kama mzee alivyonichagulia benki. Nilijisikia mjinga, na nafikiri alikiona hicho usoni mwangu, kwa kuwa alitazama pembeni.

“Hebu nionyeshe,” nikamwambia.

Akaokota kijiti, akasawazisha mchanga kwa kiganja. Akachora mstari wa chini uliolala, kisha mistari mitatu iliyosimama juu yake. “Huu ni mlima,” akasema. Nikautazama. Kwa kweli ulikuwa mlima.

“Ukipata sapu,” nikamwambia, “nauli ni yangu.”

Akacheka. Akaufuta, akasema mstari wa kati unatakiwa uwe mrefu kuliko ya pembeni, akauandika tena.