Harakati za Kiarabu Kinywani mwa Mhaya

Neno "irabu", tulitumialo kila siku katika isimu ya Kiswahili, limetokana na istilahi ya sarufi ya Kiarabu inayohusu mabadiliko ya miisho ya maneno. Alama za irabu fupi zenyewe Waarabu huziita harakati, yaani mijongeo. Kiswahili kimelipa neno hilo kazi nyingine kabisa. Sisi watoto wa Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1970, hatukuyajua hayo. Tulijua kughani tu: ba fatha ba, ba kasra bi, ba dhamma bu.

Mwalimu wetu mmoja aliamini kwamba Kihaya ni adui wa kisomo, na aliyekitamka madrasani alichapwa. Baada ya miaka mingi ya kufundisha fonolojia, naona kwamba katika suala la urefu wa irabu mambo ni kinyume. Umbo la alama hizi hunasibishwa na al-Khalil bin Ahmad wa Basra, mwanaisimu wa karne ya 8, aliyeziunda kutokana na alifu, yaa na wau zilizopunguzwa. Irabu fupi kwake ilikuwa kipande cha ile ndefu. Urefu huo hubeba maana: qatala ni "aliua", qaatala ni "alipigana". Katika Kiswahili mkazo huivuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, hata mtoto wa Bukoba mjini asiyejua Kihaya akaisoma kataba kwa kuirefusha ta. Mtoto wa Kamachumu, ambaye lugha ya mama yake hutenga irabu fupi na ndefu, tayari anayo masikio ya kazi hiyo.

Sukuni ndiyo iliyotutesa. Kihaya hupenda silabi wazi, basi qul ikawa qulu, na fimbo haikuliponya hilo.

Hivi karibuni, katika madrasa moja ya Bukoba, niliwaomba wanafunzi waandike kwa herufi za Kiarabu salamu ya jioni, osiibota. Kwa hati ya Kilatini wengi huiandika kwa i moja. Irabu o haina alama yake, ikabidi ivishwe dhamma, kama walivyofanya waandishi wa kale wa Kiswahili. Lakini baada ya sini yenye kasra, msichana mmoja aliweka yaa bila kuulizwa. Mwalimu wake, kijana aliyekulia mjini, alitaka kuifuta. Msichana akaitamka salamu ile mara mbili, polepole, naye akairudisha chaki mezani.