Haki ya Yatima na Haki ya Hadithi



Hapa Lugulu, katika kaunti ya Bungoma, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, sisi Waislamu tu wachache. Kwa uchache huo, mafundisho mengi ya dini hutufikia kwa simu kabla ya kutufikia kwa kinywa cha sheikh. Ndiyo sababu sisi akina mama wa darasa tumejiwekea desturi: hadithi ikitujia, hatuisambazi mpaka tuulize imepokewa na nani, na imo katika kitabu gani.

Msimu wa mavuno uliopita ulituletea ujumbe wenye picha ya mtoto anayelia. Chini yake paliandikwa kuwa yatima akilia, Arshi ya Mwenyezi Mungu hutikisika kwa kilio chake. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nia njema: ikiwa maneno haya yanawafanya watu watoe, yana madhara gani? Swali lake lilitushughulisha kwa majuma kadhaa, kwani mwenzetu huyo ndiye anayewalea watoto wawili wa marehemu kaka yake.

Tulizipanga hadithi tulizozizoea, moja baada ya moja, kwa msaada wa mwalimu wetu. Ile ya Bwana Mtume (s.a.w.) kuonyesha vidole viwili, cha shahada na cha kati, kueleza ukaribu wake Peponi na mwenye kumlea yatima, ni sahihi bila shaka. Imamu Bukhari ameipokea kutoka kwa Sahl bin Saad, na Imamu Muslim ameipokea kutoka kwa Abu Hurayra, akibainisha kuwa ni sawa yatima awe jamaa au asiwe jamaa.

Ile isemayo kuwa nyumba bora ya Waislamu ni ile aliyomo yatima anayetendewa wema imo kwa Ibn Majah, na Bukhari pia ameitaja katika kitabu chake cha Al-Adab Al-Mufrad. Lakini kitabu hicho si Sahihi yake, wala hakukiwekea masharti yale makali. Katika sanadi yake yumo Yahya bin Abi Sulayman, ambaye wanazuoni wamemhesabu kuwa dhaifu. Hapo tulijifunza kuwa kutaja jina la Bukhari hakutoshi. Yapasa kuuliza ni kitabu chake kipi.

Ile ya kulainisha moyo kwa kumpapasa yatima kichwa imo katika Musnad ya Imamu Ahmad. Katika njia yake mojawapo yumo mpokezi asiyetajwa jina, na wanazuoni wamekhitilafiana: wako walioiita hasan, na wako walioidhoofisha. Ama ile ya Arshi kutikisika, hatukuonyeshwa sanadi ya kutegemewa.

Imamu Nawawi na wengineo wameruhusu hadithi dhaifu katika kuhimiza mema, na Ibn Hajar ameeleza masharti yake: udhaifu usiwe mkubwa, jambo lenyewe liwe na asili katika dini, na mtu asiitakidi kwa yakini kuwa Mtume ameyasema. Kumzulia Mtume makusudi ni dhambi iliyoonywa kwa Moto. Nia njema haimpi mtu ruhusa ya kumsemea.

Kisha tukaona jambo ambalo hatukulitazamia. Maneno yenye sanadi dhaifu yalitudai machozi na mkono wa kupapasa. Maneno yaliyothibiti yalitudai zaidi. Hadithi ya mambo saba yenye kuangamiza, waliyoipokea Bukhari na Muslim, imeihesabu kula mali ya yatima pamoja na shirki na uchawi. Na katika Sura ya Nisaa, aya ya 6, ambayo tuliisoma katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy iliyotoka 1969, mlezi tajiri anaamrishwa ajizuie, na mlezi masikini anaruhusiwa kula kwa kadiri ya wema. Yatima akifikia umri na akaonekana ana busara, hupewa mali yake mbele ya mashahidi.

Baba mdogo wa watoto wale wawili ni mtu mkarimu. Kila Idd huwavika nguo mpya na kuwapapasa vichwa mbele ya watu. Lakini alitaka kuliuza shamba walilorithi kwa baba yao, akisema kuwa chakula wanachokula kimekwisha kulipia. Kabla ya hapo, sisi tungekuwa na machozi tu ya kumjibu. Safari hii mwenzetu alimwambia, "Shemeji zangu na ndugu zangu wote ni mashahidi. Tuandike kwanza kilicho chao na kilicho chetu."

Tangu siku hiyo kuna daftari. Magunia ya mahindi yaliyovunwa katika shamba hilo yameandikwa, pamoja na gorogoro zilizotumika nyumbani, bei ya mbolea na karo iliyolipwa. Wazee wawili wametia sahihi. Shamba halijauzwa, ingawa maneno hayajesha, na huenda jambo hili likafika kwa Kadhi.

Mama mwenzetu unayesoma, ukiletewa ujumbe wa yatima, uliza sanadi yake. Kisha utazame nyumba yako na za jamaa zako: ni mtoto yupi aliyefiwa na baba, aliachiwa nini, nani anakishika, na kimeandikwa wapi? Mkono wa kupapasa ni mwema, na mkono ulioshika kalamu usiache kuandika.

Mwenyezi Mungu atulinde tusimsemee Mtume wake asilosema, na tusile mali isiyo yetu. Amin.